Sindano ya kuskrachi: namna ya kuichagua, kuifunga na kuipima, kwa tunaoanzia Mwanza

Wadau maswali ni yale yale kila siku. Mtu kapata deki ya santuri mtumba, kaiunganisha na miksa, kaweka santuri, anaanza kuskrachi (kuisukuma santuri mbele na nyuma kwa mkono itoe milio) na kila akivuta nyuma sindano inaruka, inateleza mpaka katikati, halafu meseji inaingia "kaka hii sindano mbovu, ninunue ipi?" Wengine wanatuma picha ya sindano tu bila maelezo wanauliza inafaa au haifai. Nimeona niandike yote sehemu moja ili ukikwama urudi hapa.

Kitu cha kushika kabla hujaenda mbele: sindano ya kuskrachi hatuichagui kwa utamu wa sauti. Tunataka inayong'ang'ania mfereji (ule mstari wa santuri sindano inamopita) ukiisumbua, na ambayo ncha yake ikiisha unaweza kuagiza nyingine ukiwa hapa hapa Mwanza. Hilo la pili watu wanalidharau sana na ndilo linalowaacha na deki imefunikwa kitambaa miezi mitatu.

Na lingine, nusu ya sindano ninazoambiwa ni mbovu ni nzima kabisa, uzito wake tu haujapimwa. Kwa hiyo kama una sindano tayari, nenda hatua ya 7 kwanza kabla hujatoa hela yoyote.

MAJINA TUTAKAYOTUMIA

Deki ni ile mashine inayozungusha santuri. Mkono ni ule mrija unaobeba sindano. Hedisheli ni kile kichwa kinachochomekwa mbele ya mkono. Katriji ni kiboksi kilichofungwa chini ya hedisheli, ndani yake kuna koili na ndiko umeme wa sauti unakotoka. Sindano yenyewe ni kile kipande cha plastiki kinachochomoka kwenye katriji, kina kijiti chembamba na kwenye ncha ya kijiti kuna kipunje cha almasi. Ukiambiwa "badilisha sindano" ni hicho kipande tu, katriji inabaki. Wengi wanatupa vyote viwili na kununua upya, hela inapotea bure.

VITU VYA KUWA NAVYO KABLA HUJAANZA

- Deki ya dairekti draivu, yaani mota inazungusha sahani moja kwa moja. Ya mkanda itakusumbua, mkanda unateleza na sahani inachelewa kurudi kwenye spidi. Technics SL-1200 ilitoka 1972 na ile MK2 ikaja 1979, ndiyo watu wengi duniani wamejifunzia, ila kuna Reloop, Numark, Stanton na nyingine zinafanya kazi hiyo hiyo vizuri.
- Miksa yenye sehemu ya PHONO nyuma, na krosifeda (kile kitelezi cha kuhama deki moja kwenda nyingine) isiyo ngumu.
- Slipumati laini, kile kitambaa cha duara kinachokaa kati ya sahani na santuri. Ukikosa, kata karatasi ya nailoni ngumu kwa duara, iweke chini ya slipumati, utaona santuri inavyoteleza.
- Bisibisi ndogo bapa na koleo ndogo yenye mdomo mwembamba.
- Rula ya milimita.
- Mizani ndogo ya digitali inayosoma mpaka 0.01 ya gramu. Hapa sisi watu wa Mwanza tuna bahati, dhahabu ya Geita ipo jirani na masonara wamejaa mjini, mizani hizo wanazo mezani kila siku. Muulize sonara alikonunua, au nenda na hedisheli yako umwombe akuonyeshe mizani inavyofanya kazi. Kioo chake cha kukuzia pia utakihitaji, ila kamera ya simu ukiivuta karibu inasaidia.
- Brashi ndogo laini ya nywele.
- Santuri moja usiyoionea huruma.

Kama deki yako ni ile ya sanduku, spika ndani, mkono wa plastiki usio na uzito wa nyuma, usihangaike kutafuta sindano ya kuskrachi ya kuweka pale. Nyingi zina katriji za keramiki na huwezi kurekebisha uzito. Sikilizia muziki, hela ya sindano anza kuiwekea deki nyingine.

HATUA KWA HATUA

1. Angalia mkono wa deki yako unapokea nini.

Kuna mifumo miwili utakayokutana nayo. Wa kwanza ni katriji ya skrubu mbili, inafungwa chini ya hedisheli, nafasi kati ya skrubu ni milimita 12.7. Wa pili ni ule ambao katriji na hedisheli vimeungana kuwa kitu kimoja kirefu chembamba, unachomeka kwenye mkono, unakaza ile pete, umemaliza. Ortofon wa Denmark ndio wanajulikana kwa huo, wanauita Concorde.

Mkono ukiwa na pete ya kukaza mbele, kama wa Technics, unapokea yote mawili. Anayeanza namshauri Concorde kama hela inatosha kwa sababu hakuna nyaya nne za kuchanganya wala vipimo vya kufunga. Ya skrubu ina faida yake lakini, unaweza kubadili hedisheli na kuongeza uzito kidogo, na chaguo ni nyingi.

Kuna aina ya tatu, katriji zinazochomekwa zenye pini nne na skrubu moja ya pembeni, zipo kwenye deki nyingi za nyumbani za miaka ya 80. Zile zimetengenezwa kwa uzito wa kama gramu 1.25 tu, ukiskrachi zinaruka hata ufanyeje. Achana nazo.

2. Amua unaskrachi nini, santuri ya kweli au taimukodi.

Ukitumia laptopu na programu kama Serato, Traktor au Mixxx (hii Mixxx ni ya bure), santuri inayozunguka haina muziki, ina mlio wa alama ambao kompyuta inausoma ijue mkono wako unaenda mbele au nyuma na kwa spidi gani. Hapo utamu wa sauti hauna maana kabisa, kinachotakiwa ni mlio safi usiokatika kwenye njia zote mbili, kushoto na kulia. Ukitumia santuri za kweli, sauti ina maana kidogo, utataka sindano yenye besi iliyojaa na sauti ya kati inayokata.

Hapa kwetu wengi mtakuwa taimukodi kwa sababu santuri za bongo kwenye vinaili ni za kutafuta kwa tochi, na singeli unayotaka kuikata iko kwenye laptopu. Sawa tu. Sindano ya kuskrachi ya kawaida inafanya zote mbili.

3. Soma karatasi ya katriji, angalia vitu vitatu.

Hapa nitakaa kidogo maana ndipo uchaguzi wenyewe ulipo.

Cha kwanza ni umbo la ncha. Kuna ncha ya mviringo na kuna ncha ya yai, yaani iliyobapa pembeni. Ya yai inaingia ndani ya mfereji zaidi, inasoma sauti nyembamba vizuri, wasikilizaji wa nyumbani wanaipenda na wana haki. Lakini sindano zote zimetengenezwa kuburutwa, sasa wewe ukirudisha santuri unaisukuma kwa mdomo. Ncha ya yai ikisukumwa hivyo kingo zake zinakwangua kuta za mfereji, santuri inaanza kutoa "shhhh" pale unapopenda kukata, na sindano inatoka njiani kirahisi. Ya mviringo inarudi nyuma bila fujo. Kwa hiyo MVIRINGO. Kwenye karatasi itaandikwa spherical au conical, yote ni kitu kimoja. Ukiona elliptical, hiyo ni yai, hata kama muuzaji anasema ni ya madiji. Zipo za madiji za yai kweli, za kumiksi tu.

Cha pili ni gramu. Angalia uzito wanaopendekeza. Sindano za kusikiliza nyumbani nyingi zinataka gramu 2 kushuka chini. Sindano ya kuskrachi inatakiwa ibebe gramu 3 mpaka 4 bila kijiti kulala. Ile Shure M44-7 ambayo wakubwa wote wa skrachi wa zamani waliipenda inabeba gramu 1.5 mpaka 3, na watu walikuwa wanaiweka 3 kamili. Ortofon Concorde MKII Scratch inataka 4, na inakubali kati ya 3 na 5.

Cha tatu ni milivolti, yaani nguvu ya sauti inayotoka. Katriji za nyumbani zipo 3 mpaka 5. Ile M44-7 ni 9.5, Concorde MKII Scratch ni 10. Ukitoka 5 kwenda 10 umeongeza desibeli 6, hiyo unaisikia waziwazi. Faida yake ni kwamba mlio wa umeme na kelele za nyaya vinabaki chini, sauti yako inakuwa juu yake. Angalizo, ukitoka katriji dogo kwenda kubwa shusha geini (kitufe cha kiwango cha sauti inayoingia) kwenye miksa kwanza, la sivyo sauti inapasuka na utadhani sindano ni feki.

Na hakikisha imeandikwa MM, mufingi magneti (sumaku ndiyo inayocheza), ambayo sindano yake inachomoka. Zile MC (koili ndiyo inayocheza) zinatoa sauti ndogo mno, ni ghali, na nyingi sindano haibadilishwi kwa mkono, inarudi kwa fundi au kiwandani. Siyo za mchezo huu.

4. Kabla ya kununua katriji, tafuta sindano yake ya akiba.

Hii ndiyo hatua yangu na siachi kuisema. Ukishapata jina la katriji, tafuta kwanza jina la sindano yake, uliza bei yake, uliza nani ataileta Mwanza. Sindano ni ndogo na nyepesi, mtu anayetoka Dar au Nairobi anaiweka mfukoni, au inakuja na basi kwenye kifurushi. Shida siyo usafiri, shida ni kama inatengenezwa bado.

Mfano mzuri ni hiyo hiyo Shure. Mwaka 2018 kampuni ilitangaza inaacha kutengeneza katriji na sindano za santuri. Tangu hapo M44-7 halisi zinauzwa kwa bei za ajabu na feki za N44-7 (hilo ndilo jina la sindano yake) zimejaa kila kona. Ukikuta katriji ya M44-7 mtumba kwa bei nzuri, chukua, katriji haiishi haraka, halafu tafuta sindano ya JICO wa Japani, wanatengeneza zinazoingia kwenye hiyo katriji na ni watu makini. Ukikuta "mpya halisi, boksi halijafunguliwa" kwa bei ya kutupa, kaa mbali.

Kwa leo mimi ningempanga anayeanza hivi:

Hela ipo: Ortofon Scratch, iwe ya Concorde au ile ya OM ya kufunga na skrubu. Inatengenezwa bado, sindano yake inauzwa peke yake.

Hela ya kati: Audio-Technica AT-XP3, ncha yake ni ya mviringo. Angalia namba vizuri, XP5 na XP7 za familia hiyo hiyo ni za yai.

Hela hakuna: AT3600L. Ni ya bei ndogo, deki nyingi za kuanzia zinakuja nayo, ncha mviringo, inataka gramu 2.5 mpaka 3.5. Sauti yake ni ndogo, na haitakubali fujo kubwa, lakini skrachi za mwanzo utajifunza nayo bila shida na sindano yake ikifa hutalia. Wengine watakwambia ni takataka, wasikuvunje moyo.

Kwa deki mbili nunua katriji mbili zinazofanana. Ukichanganya, kila ukihama upande sauti inabadilika na mkono unazoea uzito mbili tofauti.

5. Ikague kabla hela haijatoka.

Hasa mtumba. Itazame kwa mbele kwenye mwanga, kijiti kiwe kimesimama katikati, kisiwe kimelala kushoto wala kulia. Itazame kwa ubavu, kijiti kishuke kidogo chini, kisiwe kimelala sambamba na tumbo la katriji. Kwa kioo cha sonara angalia ncha, kama imebapa au haipo kabisa (ipo mingi ya hivyo, kijiti kipo, almasi ilishadondoka) hiyo haifai hata bure maana itachana santuri zako.

Feki utazijua kwa maandishi yaliyopauka au kupinda, plastiki yenye kingo za kukwaruza, na sindano inayolegea ukiichomeka. Sindano halisi inaingia na kukaa, haichezi.

ONYO: usiguse ncha kwa kidole kusikiliza kama "inafanya kazi". Ukitaka kujaribu, washa sauti chini kabisa, pitisha brashi laini kutoka nyuma kuja mbele, utasikia.

6. Funga.

Zima amplifaya au shusha sauti yote. Kama ni Concorde, chomeka, kaza pete, nenda hatua ya 7.

Kama ni ya skrubu, toa kipande cha sindano kwanza ukiweke pembeni, ndipo ufunge katriji. Watu wanavunja kijiti hapa, bisibisi inateleza mara moja tu. Chomeka nyaya nne kwa koleo polepole: nyeupe ni kushoto chanya, bluu ni kushoto hasi, nyekundu ni kulia chanya, kijani ni kulia hasi. Nyuma ya katriji kuna rangi au herufi, L na R, fuata hizo. Usilazimishe, vile vichwa vya nyaya vikikatika utatafuta fundi wa kuchomelea na siyo kila fundi simu ataelewa unachotaka.

Kwa Technics, kutoka ukingo wa nyuma wa hedisheli pale penye mpira mpaka ncha ya sindano inatakiwa milimita 52. Pima kwa rula, sogeza katriji, kaza skrubu kwa zamu kidogo kidogo. Ukiitazama kwa mbele katriji isimame wima, isiegemee upande.

7. Pima uzito. Soma mara mbili hii.

Toa kifuniko cha sindano. Antiskeiti (ile springi ya kuvuta mkono nje, ipo hatua ya 8) weka 0. Zungusha uzito wa nyuma mpaka mkono uelee wenyewe hewani, usishuke wala usipande. Hapo hapo shika uzito usizunguke, geuza ile pete ya namba peke yake mpaka 0 ikae kwenye mstari. Sasa zungusha vyote pamoja kuelekea mbele mpaka namba unayotaka.

Halafu thibitisha na mizani, usiamini pete peke yake, deki nyingi za mtumba zimebadilishwa uzito wa nyuma. Mizani iweke ili ncha ishukie kwenye kimo kile kile cha santuri, maana ukipima ikiwa juu sana namba inadanganya. Na angalia sahani ya mizani isiwe ya chuma kinachovutwa na sumaku, katriji ina sumaku ndani, itavutwa chini na utasomewa gramu zisizokuwepo. Kama ni ya chuma weka kipande cha mbao au plastiki juu yake, bonyeza sifuri, ndipo upime.

Anza na namba inayopendekezwa. Ikiruka, panda kwa nusu gramu usizidi kikomo cha karatasi.

ONYO: msiweke sarafu juu ya hedisheli. Najua mmeona video. Sarafu inaongeza gramu kadhaa kwa mpigo na hujui ngapi, kijiti kinalala, tumbo la katriji linagusa santuri, na mfereji unaisha. Vile vile kugeuza uzito wa nyuma kinyumenyume ili uingie mbele zaidi, kuna wakongwe walifanya hivyo na katriji zao wanazijua, wewe unayeanza pima.

Na usidhani kuweka nyepesi ni kuihurumia santuri. Sindano nyepesi inarukaruka ndani ya mfereji na kugonga kuta, inaharibu kuliko nzito iliyotulia.

8. Antiskeiti na kimo cha mkono.

Mkono uliopinda unavutwa kuelekea katikati santuri ikienda mbele. Antiskeiti ni springi inayouvuta nje kusawazisha. Lakini ukiskrachi nusu ya muda santuri inarudi nyuma na springi haijui, inaendelea kuvuta nje tu. Kwa hiyo iache 0. Kwa kumiksi tu unaweza kuirudisha.

Kimo, weka mkono uwe sambamba na santuri ukiutazama kwa ubavu sindano ikiwa imekaa. Basi.

Na deki yenyewe igeuze robo duara, mkono wa sindano uwe upande wa juu mbali na wewe, ndivyo wanavyokaa waskrachi wote. Viganja vyako havitaugonga.

9. Jaribu.

Tafuta sauti moja fupi kwenye santuri, "ah" au "fresh" au neno lolote, bandika stika ndogo kwenye lebo ikuonyeshe sauti inaanzia wapi. Skrachi mbele nyuma bila kugusa krosifeda, polepole, halafu haraka, halafu kwa fujo. Stika ikirudi mahali pake na sauti ni ile ile, sindano imekaa. Stika imerudi lakini sauti ni nyingine, imeruka mfereji.

Angalia pia mkono wako mwenyewe, siyo wa deki. Wanaoanza wanabonyeza santuri chini kama wanakanda chapati, slipumati inashikwa, santuri inayumba, sindano inaruka. Vidole vikae vyepesi, unasukuma mbele na nyuma, siyo chini.

Kama una santuri za mazoezi zilizotengenezwa kwa ajili ya kuskrachi, nyingine zimerekodiwa sauti ile ile inajirudia kila mzunguko. Kwa spidi ya 33 na theluthi mzunguko mmoja ni sekunde 1.8, kwa hiyo sindano ikiruka mfereji inaangukia sauti ile ile na msikilizaji hajui. Ni nzuri jukwaani ila usizitumie kwenye jaribio hili, zitakuficha tatizo.

10. Itunze, hasa ukipiga ufukweni.

Brashi kutoka nyuma kuja mbele, kamwe siyo kinyume wala pembeni. Fanya kabla na baada ya kupiga. Ukiweka spiriti weka tone dogo kwenye brashi siyo kwenye sindano, gundi iliyoshika almasi haipendi kuloweshwa.

Ukipiga shoo kwenye zile sehemu za pembeni ya ziwa, Capri Point, Luchelele, kokote kule, kuna usiku wale vijidudu vya ziwani wanakuja kama moshi kwenye taa. Wanaanguka kwenye santuri, sindano inawasaga, ndani ya wimbo mmoja una mpira wa uchafu kwenye ncha. Taa kali isiwe juu ya deki, iweke mbali iwavutie huko, deki usiyoitumia ifunike, na brashi ikae mfuko wa shati. Mizigo ikibebwa kwenye bodaboda au boti, hedisheli zitoe, ziweke kwenye kiboksi chake na kifuniko cha sindano kikiwepo. Usisafirishe mkono ukiwa na sindano.

Sindano ya muziki wa nyumbani inaweza kwenda saa mia kadhaa mpaka elfu, ya kuskrachi inaisha mapema zaidi kwa sababu ya uzito na kurudi nyuma. Ukianza kusikia "s" zinapasuka kwenye santuri ambayo ilikuwa safi, au inaruka wakati uzito hujaugusa, itazame kwa kioo.

IKISUMBUA, ANGALIA HAPA

Inaruka ukivuta nyuma tu: ncha ni ya yai, au uzito mdogo, au antiskeiti haipo 0. Kwa mpangilio huo.

Inaruka kila mara sehemu ile ile: santuri ndiyo mbovu. Jaribu nyingine kabla hujailaumu sindano.

Santuri inacheza ukiisukuma: tundu la katikati limepanuka. Zungushia selotepu nyembamba kwenye kile kijiti cha katikati ya sahani, mizunguko michache mpaka santuri ikae bila kubana. Hili dogo linamaliza tatizo la kuruka kwa watu wengi sana.

Upande mmoja hauimbi: toa hedisheli, futa zile pini nne za nyuma kwa kitambaa kikavu, rudisha, kaza pete. Bado? Angalia nyaya nne. Bado? Badilisha hedisheli za deki mbili. Tatizo likihama na hedisheli ni katriji, likibaki palepale ni deki, nyaya au miksa.

Sauti ndogo sana na nyembamba kama redio ya mbali: umechomeka LINE badala ya PHONO, au swichi ya miksa ipo LINE. Ikiwa kubwa na inapasuka vibaya ni kinyume chake, deki yako ina amplifaya ndogo ndani na imewekwa LINE wakati umechomeka PHONO.

Mlio wa "mmmmm": ule waya mwembamba wa peke yake unaotoka kwenye deki haujafungwa kwenye skrubu ya GND ya miksa. Ufunge. Ukiwa umefungwa na mlio upo, hamisha deki mbali na adapta na amplifaya, kisha jaribu soketi nyingine, nyumba nyingi za kupanga soketi zina tundu la ethi lakini waya wa ethi haupo ndani. Kwenye jenereta unaweza kuusikia hata kama kila kitu kiko sawa.

Besi ikipanda deki inaunguruma yenyewe: spika inatikisa meza, meza inatikisa sindano, sindano inarudisha kwenye spika. Weka vipande vya godoro chini, juu yake kipande kizito cha jiwe bapa au tofali la kupangia sakafu, juu yake deki. Mawe Mwanza hatuna uhaba. Na spika isikae meza moja na deki hata siku moja.

Taimukodi inarukaruka au wimbo unaenda kinyume: fungua ile duara ya mawimbi kwenye programu. Duara safi lenye umbo zuri, sindano ni nzima. Duara limekuwa yai au mstari tu, upande mmoja haufiki, rudi kwenye nyaya. Duara lina ukungu, safisha ncha na santuri ya taimukodi, nayo inachakaa, hasa ule mwanzo wake ambapo kila mtu anaanzia. Duara zuri ila wimbo unarudi kinyume, kushoto na kulia vimebadilishana, geuza zile plagi nyekundu na nyeupe nyuma ya miksa au kwenye saundikadi.

Ukiniuliza swali, nitumie na jina la deki, jina la katriji, gramu ulizopima kwa mizani, na picha ya sindano kwa ubavu na kwa mbele. Bila hivyo vinne nitakuwa nakisia tu.